Mlima gani unahesabiwa? (Somo la fizika)

Katika namba hii ni sisi wa kalasi ya sita, upande wa sayansi, tuliopewa kurasa za somo la fizika. Wenzetu wengine walitaka tuandike tena juu ya lenzi na vioo, lakini mambo hayo yamekwisha kuandikwa mara mingi, na watoto wa kalasi ya ine wanayajua kuliko sisi. Basi tukachagua jambo lingine, kwa sababu kuko karatasi moja iliyofika mikononi mwetu na ikatusumbua bongo kwa juma nzima.

Karatasi ile ilitoka kwa mkubwa wetu mmoja aliyemaliza masomo yake hapa. Sasa yeye ni fundi wa fibri, ndizo nyuzi za kioo zinazobeba telefone na intaneti. Ndani ya uzi mmoja wa fibri hawapitishi taa moja tu. Wanapitisha taa mingi pamoja, kila moja na rangi yake, na kila rangi inabeba maneno ya watu wengine. Tunasema taa, maana ndilo neno letu, lakini ni laseri, na mwangaza wake hauonekani kwa macho ya mtu. (Hii si sababu ya kutazama ndani ya fibri: jicho linaweza kuungua bila kuona kitu.)

Siku ile mafundi wa upande mmoja walisema wamewasha taa nane. Mkubwa wetu, upande mwingine, aliunga fibri kwenye mashini ya kupima urefu wa mawimbi, na mashini ikamwandikia orodha ya taa saba. Wakabishana kwa telefone tangu asubuhi hata saa tisa. Wa ngambo wanasema: nane. Yeye anasema: saba, mashini haidanganyi. Mwisho waliamua kwamba kadi ya taa ya nane imekufa, iondolewe, na mpya iagizwe toka mbali, kwa beyi ambayo hatutaiandika hapa. Na fundi kijana aliyeiweka kadi ile alianza kuulizwa maswali ya aibu, kama kwamba aliiharibu yeye.

Kumbe taa ya nane ilikuwa inawaka. Tufuate namna gani ilipotea.

Kwanza, mashini yenyewe inafanya kazi gani? Ndani yake kuko kifaa ambacho Albert Michelson alitengeneza mara ya kwanza katika mwaka wa 1881, akiwa Ulaya kwa masomo. Katika mwaka wa 1907 alipewa zawadi ya Nobel ya fizika. Mwangaza unagawanywa mara mbili. Nusu moja inakwenda kwenye kioo kilichosimama, nusu nyingine kwenye kioo kinachotembea, kisha zote mbili zinarudi na kukutana. Pale zinapokutana, mara zinasaidiana, mara zinazimana, kufuatana na mahali kioo kimefika. Kioo kikitembea, mwangaza unapepesa: unawaka, unazimika, unawaka. Ukihesabu kupepesa huko, unapata urefu wa wimbi.

Tuchukue mfano. Kioo kinatembea milimetri moja. Mwangaza unaenda na kurudi, basi njia yake inaongezeka milimetri mbili, ndiyo nanometri 2 000 000. Wimbi la nanometri 1552,52 litapepesa mara 1288 na kidogo. Lakini nani atajua kwamba kioo kimetembea milimetri moja kamili? Kwa hiyo wanatia ndani ya mashini laseri ya heli na neoni, ambayo wimbi lake linajulikana sana: nanometri 632,99 katika utupu. Hiyo itapepesa mara 3159 na nusu na kidogo katika safari ile ile. Unalinganisha hesabu mbili, na safari ya kioo haina lazima tena. Sisi tuliona akili hii kuwa nzuri sana. Hawapimi mwangaza kwa rula, wanaupima kwa mwangaza mwingine.

Hiyo ni kwa taa moja. Taa zikiwa nane, kupepesa kwao kunachanganyikana kama sauti sokoni, na huwezi tena kuhesabu. Hapo wanatumia hesabu iliyoanzishwa na Joseph Fourier, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake juu ya joto katika mwaka wa 1822. Hesabu hiyo inapangua mchanganyiko na kutoa mchoro: chini, urefu wa mawimbi, juu, nguvu ya mwangaza. Kila taa inaonekana kama mlima mwembamba. Fundi hasomi mchoro kila mara, yeye anataka orodha: mlima wa kwanza uko hapa, wa pili uko pale. Basi mashini lazima itembee juu ya mchoro na kuamua: hiki ni mlima, kile si mlima. Na hapo ndipo shida ilianzia, kwa sababu mashini haijui mlima ni nini mpaka mtu aiambie.

Ili tusikie vizuri, tutoke kidogo katika mashini, tutazame milima yetu ya Virunga. Volkano kubwa pale ni nane. Kama mtu anakuambia: andika ile tu inayopita metri 4000, utaandika Karisimbi (4507), Mikeno (4437) na Muhabura (4127). Umetii amri. Lakini Nyiragongo (3470) haimo, na Nyamulagira (3058) haimo, nazo ndizo mbili zenye moto mpaka leo. Nyiragongo ilitapika katika 1977, katika 2002 na katika 2021, na orodha yako haiijui. Orodha haina uongo ndani yake. Mstari tu ulikatwa juu sana.

Sasa swali la pili. Kwenye ubavu wa kusini wa Nyiragongo kuko Shaheru, na yenyewe iko na shimo lake juu. Je, Shaheru ni mlima, ao ni bega la Nyiragongo? Hapa urefu hausaidii. Shaheru iko juu kuliko milima mingi ya Congo ambayo kila mtu anaiita mlima. Utauliza namna nyingine: nikisimama juu ya Shaheru na kutaka kwenda Nyiragongo, nitateremuka metri ngapi mbele ya kuanza kupanda? Kama ninateremuka kidogo tu, huyu asema ni bega. Mwingine asema hata kidogo kinatosha. Lazima wapatane juu ya hesabu.

Mashini ya mkubwa wetu iko na maswali hayo mawili, si mengine. La kwanza tuliite kizingiti: ni kiasi gani chini ya mlima mrefu kupita yote tunakata mstari. La pili tuliite mteremko: toka kilele, mwangaza lazima ushuke kiasi gani, upande wa kuume na upande wa kushoto, mbele haujakutana na kilele kilicho juu yake. Vyote viwili vinapimwa kwa desibeli.

Juu ya desibeli, walio kalasi za chini wavumilie mistari michache. Ni hesabu ya mara, si ya kuongeza. Kushuka desibeli 3 ni kubaki na nusu. Kushuka 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi. 20, moja ya mia. 30, moja ya elfu. Na tukisema dBm, tunaanza kuhesabu toka miliwati moja: 0 dBm ni miliwati 1, na -10 dBm ni miliwati 0,1. Kwa hiyo -17 iko chini ya -5, usidanganywe na alama.

Sasa karatasi yenyewe. Taa nane zilipangwa kwenye mahali panapojulikana kwa mapatano ya dunia nzima, kila moja umbali wa gigahertzi 100 toka kwa mwenzake, ambao ni karibu nanometri 0,8. Tunaandika urefu wa wimbi kwa nanometri, kisha nguvu kwa dBm:

1549,32 … -5,8
1550,12 … -6
1550,92 … -17
1551,72 … -5
1552,52 … -6,5
1553,33 … -7
1554,13 … -5,5
1554,94 … -6

Katikati ya milima kuko majani, ndiyo makelele ya mwangaza. Fibri ndefu iko na mashini za kuongeza nguvu njiani, na mashini hizo, pamoja na kuongeza taa, zinatoa mwangaza wao wenyewe usio na maana. Kwenye karatasi majani hayo yako karibu -30, yanapanda na kushuka desibeli mbili ao tatu.

Mashini ilikuwa bado imepangwa vile ilivyotoka kiwandani: kizingiti 10, mteremko 15. Fanya hesabu. Mlima mrefu kupita yote ni -5. Toa 10, mstari unakatwa kwenye -15. Taa ya tatu iko -17. Iko chini ya mstari kwa desibeli mbili tu. Mashini haikusema "taa hii ni zaifu", haikusema "nina mashaka". Haikusema kitu, iliandika saba.

Saa tisa ile, mkubwa wetu alikumbuka kizingiti. Alikishusha hata 20, mstari ukashuka hata -25. Taa ya -17 sasa iko juu ya mstari kwa desibeli 8. Akapima tena. Saba! Hapo, alituambia, ndipo yeye mwenyewe aliamini kwamba kadi imekufa, na alikuwa karibu kuandika barua ya kuagiza mpya.

Sisi pia tulisimama pale. Tuliweka karatasi mbele yetu, tukaona mlima mdogo kwa macho yetu, na hatukujua sababu gani mashini inaukataa. Mwenzetu mmoja alisema mashini imeharibika. Bwana mwalimu hakutujibu, alitupa rula na kusema: pimeni mteremko.

Kilele kiko -17, majani yako -30. Toka -17 hata -30 ni desibeli 13. Mashini ilikuwa inadai 15. Mlima ule usingeweza kuteremuka 15 hata ukitaka, kwa sababu chini yake kuko majani. Milima mingine ilishuka toka -6 hata -30, ndiyo 24, ikapita bila shida. Basi kizingiti kilifungua mlango, na mteremko ukaufunga tena, na mtu aliyekuwa akitazama mlango mmoja hakuona wa pili.

Mkubwa wetu naye alipata hivyo usiku ule. Aliacha kizingiti 20, akaweka mteremko 8. Mashini ikaandika nane. Hakuna mtu aliyegusa kadi, hakuna taa mpya iliyowashwa; mchoro ulikuwa ule ule tangu asubuhi. Kesho yake walitafuta sababu gani taa ya tatu ni zaifu kuliko wenzake, wakakuta kichwa cha uzi wake kichafu, pale unapoungwa mbele ya kuingia pamoja na nyingine. Walikipangusa, ikapanda hata -6. Kama wangeagiza kadi mpya, ingekaa nyuma ya uchafu ule ule. Fundi kijana, tunasikia, hakuombwa msamaha.

Wengine watauliza: kama ni hivyo, mbona wasifungue vyote viwili hata mwisho, ili mashini isipoteze hata kitu kimoja? Mashini yake inaruhusu kizingiti hata 40 na mteremko hata 1. Alijaribu, juu ya kuona. Mstari ulishuka hata -45, chini ya majani yote, na kila jani lililopanda desibeli moja likaitwa taa. Orodha ikawa na taa 31. Ndani yake nane ni za kweli, lakini ni zipi? Orodha ya namna hiyo haina faida kuliko ile ya saba. Labda ni mbaya kupita, kwa kuwa mtu mchovu anaweza kuandika katika ripoti kwamba kuko taa mahali hakuna kitu.

Na si majani tu yanayodanganya. Kioo cha mashini hakiwezi kutembea bila mwisho. Safari yake inakatika, na kwa kukatika huko hesabu ya Fourier inaotesha vilima vidogo kwenye ubavu wa kila mlima mrefu. Havimo katika fibri, vimo katika hesabu. Tena taa inayobeba maneno inatikiswa mbio sana, na kutikiswa kunaleta vilima vingine pembeni, ambavyo vimo kweli katika mwangaza lakini si taa nyingine. Watu wa kiwanda walikuwa wanaogopa vitu hivyo vyote walipochagua 10 na 15, nao hawakukosa akili. Hawakuijua tu fibri ya mkubwa wetu.

Jambo moja lilitushangaza kupita mengine. Kizingiti kinahesabiwa toka kwa mlima mrefu kuliko yote, si toka chini. Basi, tuseme kizingiti ni 10, na taa ya -5 inapata nguvu, inapanda hata +4. Mstari nao unapanda hata -6. Mara moja taa za -6,5 na -7 zinatoka katika orodha, nazo hazikupungukiwa na kitu hata kidogo. Mwenye kusoma orodha atakwenda kuzitafutia ugonjwa, na mgonjwa ni yule aliyenona.

Namna ya kupanga, vile tulivyoisikia, ni hii. Usianze na orodha, anza na mchoro mzima. Uliza upande mwingine waliwasha taa ngapi na mahali gani. Tafuta ile iliyo zaifu kupita zote na upime vitu viwili: iko chini ya mrefu kwa desibeli ngapi, na iko juu ya majani kwa desibeli ngapi. Kizingiti kipite ile hesabu ya kwanza kwa desibeli chache, lakini mstari usifike kwenye majani. Mteremko uwe mkubwa kuliko kucheza kwa majani na mdogo kuliko hesabu ya pili. Kwa karatasi yetu, majani yalicheza 3, taa zaifu ilipanda 13. 8 iko katikati, lakini 6 ao 10 pia ingefaa. Ukikuta kwamba majani yanacheza 5 na taa zaifu inapanda 4 tu, hakuna mpango wa mashini utakaokusaidia: rudi ukasafishe fibri, ao upime mara mingi na kuchukua wastani ili majani yalale.

Kuko pia mpango wa tatu, rahisi: kuiambia mashini toka wimbi gani hata wimbi gani itafute. Ukijua taa zako zote ziko kati ya 1530 na 1565, fungia pale, na mwangaza wa 1480, unaotumiwa kulisha mashini za kuongeza nguvu, hautaingia katika hesabu wala hautakuwa "mlima mrefu" unaopandisha mstari.

Mchoro tuliochora hautoki vizuri kwenye karatasi za gazeti yetu. Tunawapa hesabu, kila mmoja achore mwenyewe kwenye karatasi ya milimetri. Ni vipimo 22 vinavyofuatana, kwa dBm:

-38, -36, -38, -22, -8, -23, -36, -38, -35, -37, -26, -20, -25, -19, -30, -37, -36, -38, -24, -10, -25, -38.

Weka kizingiti 10 na mteremko 15: utapata milima miwili, kwenye kipimo cha 5 na cha 20. Weka 20 na 15: mitatu, kwa sababu -19 imeingia. Kilele cha -20 kiko juu ya mstari pia, lakini kuelekea jirani yake kinashuka 5 tu, basi kinahesabiwa kama bega. Weka 20 na 4: mine. Weka 30 na 1: saba, na tatu kati yao ni majani.

Sisi wenyewe hatukupatana juu ya swali moja, na tunawaachia. Watu wa ngambo wanasema waliwasha taa tatu tu. Wewe unaona mine ukiweka 20 na 4. Je, -20 na -19 ni taa mbili zilizo karibu, ao ni taa moja yenye kilele kilichopasuka? Nusu ya kalasi inasema hivi, nusu inasema vile. Leteni majibu pamoja na sababu kwa mwandishi wa kalasi ya sita mbele ya siku ya Ijumaa. Yale yenye mchoro ndiyo tutasoma kwanza.